Mipini Iliyopakwa Mafuta

Same, Jumatano

Nimemtetea Mama Nakunda na wenzake hapa kiwandani mwezi mzima, na leo ameniangusha kwa upendo.

Mipini yetu ya majembe ni plastiki ngumu ndani, mpira laini juu. Bosi anataka mashine inayomimina vyote kwa mkupuo mmoja. Mimi ninashikilia njia yetu: plastiki kwanza, kisha akina mama waihamishe kwa mkono kwenye kalibu ya pili, chombo cha kuumbia, ndipo umiminwe mpira. Ni polepole, ila wanabaki kazini.

Leo muuza mashine kaja kututazama. Mama Nakunda kalelewa kijijini Mhezi, ambako mgeni haonyeshwi kitu kilichopauka. Basi kabla ya mpira kumiminwa, akaipaka mipini mafuta ya kujipaka ing'ae.

Mpira haushiki kwenye mafuta. Mgeni alipovuta mpini mmoja, mpira ukachomoka kama soksi.

Hakuhitaji kunadi. Bosi akamuuliza, "Yako inataka watu wangapi?"

"Mmoja tu, wa kubonyeza."

Wakati wa kuagana Mama Nakunda akamfungia mkungu wa ndizi.

"Mwanangu, mgeni kafurahi kweli," akaniambia.

Nikamjibu ndiyo, mama, amefurahi sana.