Funga vioo

Swahiba, kaa chini kwanza. Leo nimeoga ndani ya gari, na nguo zangu zote mwilini.

Tangu nihamie kwa binti yangu, leo ndiyo mara ya kwanza kuniachia gari lake. "Baba, kaliosheshe tu. Ukilirudisha salama, wajukuu utakuwa unawapeleka shule wewe." Nikaona nimepata cheo!

Nikalipeleka kwenye ile mashine ya mabrashi makubwa, gari linaoshwa huku umo ndani. Dada wa zamu akapaza sauti: "Mzee, funga vioo!"

Vioo, swahiba. VIOO! Nikashuka, nikakunja vile vya pembeni, cha kulia na cha kushoto, nikarudi kukaa kama waziri. Madirisha yote manne wazi.

Mashine ikaanza kuunguruma. Dada anaruka, "Vioo, mzee, vioo!" Nami namjibu, "Nimeshafunga, mwanangu!" Hata mkono nikampungia.

Povu lilipoingia mdomoni ndipo nilipoelewa ni vioo gani. Nikabonyeza kitufe nilichokiona, waipa zikaanza kucheza. Brashi ikanisugua sikio.

Mito yote niliyovuka kwa miguu duniani, nije nizame kwenye gari lililosimama!

Nyumbani binti akagusa kiti, maji yakatiririka. "Baba, nilisema uoshe gari." Nikamwambia, "Limeoshwa, nje na ndani." Hakucheka, swahiba. Alinyoosha mkono tu, nikamkabidhi funguo.

Nimemwomba basi wajukuu niwapeleke kwa miguu. Amesema atafikiria.