Bango langu la getini

Shoga yangu Ligaya, sikia ya leo.

Lile bango la picha yangu walilotundika getini pa shule nilipofaulu mtihani wa leseni ya saikolojia, unalikumbuka? Leo mwalimu mkuu kaniita ofisini: "Mwanasaikolojia wetu! Saini ripoti hii. Jomari wa darasa la pili hatulii, hafai kusoma na wenzake."

Nikamuuliza nani kampima.

"Apimwe ya nini? Si una leseni sasa?"

SI UNA LESENI SASA! Ligaya, huyo mtoto sijakaa naye hata dakika moja!

Nikamwambia sisaini mpaka nimpime. Akafura: "Basi bango lako linashuka leo leo!"

Mbele ya walimu waliokuwamo ofisini, Ligaya. Linashuka leo leo!

Nikaenda stoo, nikamletea ngazi. "Panda, mkuu. Nakushikilia."