Kikombe Kimoja cha Maji ya Betri

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefungua vifuniko vya betri kabla ya chai. Kama jana. Maji yameshuka tena. Katika betri ya mwisho seli mbili zina mabamba ya madini ya risasi yaliyo wazi, yamekauka juu. Bamba likikaa nje ya maji linakufa, na halifufuki.

Transfoma ya kona iliungua juzi. Watu wa stima hawasemi watakuja lini. Jenereta ilishakufa. Kituo chetu cha redio sasa ni jua mchana na betri hizi jioni.

Kinoti, fundi wetu, alikuwa amesimama na jagi la maji ya mfereji, tayari kumimina. Nikamwonyesha ndani ya birika la ofisi. Gamba jeupe, gumu kama ganda la yai. Maji yanapaa, chumvi inabaki juu ya risasi. Akasema basi tuongeze asidi. Hapana. Asidi haikupungua. Kilichopungua ni maji.

Meru wanauza maji ya betri ya kweli. Meneja anasema bajeti yetu ya maji ni mfereji.

Jumanne, 4 Novemba

Nimezunguka mjini tangu asubuhi. Kukaa kitini siwezi.

Duka moja la vifaa lina chupa za "maji ya betri", lebo imebandikwa upande. Nikachukua moja, nikakausha kijiko kimoja juu ya jiko. Kikabaki na duara jeupe la chumvi. Nikairudisha. Mwenye duka alinitazama kama mgonjwa.

"Mama, betri haina ulimi."

Kinoti naye kaleta maji ya kunywa ya chupa. Anasema hata watalii wa Samburu wanakunywa hiyo. Ndiyo shida. Madini yote yameorodheshwa kwenye lebo, kwa majivuno.

Jioni Mama Hawo alikuja getini. Anauza maziwa ya ngamia mlango wa pili kutoka kwetu, hapa mtaani Bulla Pesa. Mwanawe Dida ameshusha mbuzi kwenye kona ya mto, chini ya Biliqo, ambako nyasi zimebaki. Simu inashika Biliqo senta, kwenye kona haishiki, na usiku hakuna anayetembea kutoka senta hadi huko. Kila jioni Dida hupanda jiwe na redio yake ndogo kusikiliza habari zetu za Kiborana za saa moja. Mama Hawo anataka tutangaze habari za mto. Nikamwambia hakuna cha kutangaza, mto Ewaso ni mchanga mtupu.

"Mvua ya milima haipigi hodi huku," akasema.

Ni kweli. Imeniudhi kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 5 Novemba

Nyuma ya benki kuna bomba la kiyoyozi linalodondosha maji mchana kutwa. Nikakinga chupa. Askari wa pale akacheka: "Madam, hiyo ni jasho ya benki." Kijiko kilipokauka kikabaki na ukingo wa kijani. Shaba ya mabomba. Nimemwagilia mwarobaini.

Mchana nikachemsha maji ya mfereji kwenye sufuria. Bakuli juu ya jiwe katikati, mfuniko umegeuzwa, maji baridi juu yake. Mvuke unagonga mfuniko, unadondoka kwenye bakuli. Kijiko kikakauka bila alama yoyote. Safi kabisa. Lakini makaa yote ya ofisi yametoa kikombe kimoja cha chai. Betri zinataka mtungi. Nimekifunika kikombe, nikakiweka kabatini.

Habari za Kiborana zilikatika katikati ya sentensi, betri zimeisha. Akilini nimekuwa nikimwona mtu juu ya jiwe akitikisa redio. Sipendi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mawingu mazito upande wa milima ya Nyambene. Ningefikiria hili mapema. Mvua ni maji yaliyochemshwa na jua, na ni bure. Si ya paa, bati letu ni kutu na mavi ya kunguru. Turubai jipya uani, liyakinge moja kwa moja kutoka angani, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la hewa.

Tumekosa chombo. Nimemwomba Mama Hawo mtungi msafi kuliko yote alio nao. Nikarudia: kuliko yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua ilianza baada ya adhuhuri. Nzito. Mtungi ukajaa mpaka shingoni. Kinoti alicheza kwenye matope, mtu mzima.

Mvua ilipokatika simu ikalia. Mwenzetu wa Archer's Post. Ewaso imejaa maji ya kahawia, inabeba magogo, bado inapanda. Maji hayo yatafika Biliqo kabla ya asubuhi.

Nikakausha kijiko. Punje nyeusi. Nikanusa mtungi. Moshi.

Mama Hawo alikuwa mlangoni, anangoja sifa. "Nimefukiza mara mbili," akasema.

Mtungi wa maziwa hapa hauishii kwenye sabuni. Unatiwa kaa la moto la mti maalum, unafunikwa, unatikiswa, mpaka ndani kunuke moshi. Hapo ndipo unaitwa msafi, na maziwa hayaharibiki njiani. Niliomba mtungi msafi kuliko yote. Nilipewa.

Turubai lilikuwa limeshakunjwa. Anga imefunguka. Kinoti akasema mimina tu, moshi haujaua mtu. Nikasema majivu yataua betri, na kesho mto utakuwa bado unapanda na sisi tumenyamaza. Tulipandishiana sauti. Mama Hawo akauliza tunagombania nini. Nikamweleza: mto, betri, moshi. Hakulia. Aliketi chini palepale.

Nikakumbuka kikombe.

Kilitosha seli mbili zile zilizokauka. Mabamba yakafunikwa, kwa shida. Tukazima kompyuta, feni, taa zote. Hakuna muziki, hakuna salamu za wasikilizaji. Saa moja kamili nikamweka Mama Hawo mbele ya maikrofoni. Alisema kwa Kiborana, nami naandika kwa Kiswahili:

"Watu wa mto, maji inakuja. Dida, toka hapo. Saa hii, si kesho. Nyasi itaota tena, wewe hapana. Na usijifanye hujasikia, nakujua."

Akarudia. Nikamwashiria arudie tena. Mara ya tatu taa ya mtambo ilianza kupepesa. Alipofika mwisho ikazimika.

Akaniuliza kama amesikika. Nikasema sijui.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua tena alfajiri. Safari hii bakuli za glasi za kuazima chini ya turubai. Kijiko kikavu, hakuna alama. Tumejaza seli zote mpaka mstari. Jua likatoka, betri zikaanza kunywa.

Biliqo senta wanasema mto ulitoka kingo usiku. Kona yote ni maji. Hakuna aliyemwona Dida.

Mama Hawo hajafungua biashara yake ya maziwa. Nimeosha madirisha ya ofisi. Hakuna aliyeniomba.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna habari. Nimefungua vifuniko asubuhi, mchana, jioni. Maji hayapungui kwa siku moja. Najua hivyo. Nimefungua hata hivyo.

Kinoti hanitanii. Afadhali angenitania.

Jumatano, 12 Novemba

Lori la mbuzi kutoka Merti limeingia saa nne. Dida alikuwa juu, nyuma, amefunga kichwa kwa shuka. Amekonda. Mbuzi kadhaa wamekwenda na mto, na punda. Wengine wako mlimani na binamu yake.

Nilimwuliza alisikia nini, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Jioni ile mbuzi mmoja alipotea, Dida akachelewa kupanda jiwe. Alipowasha redio alikuta mama yake ameshaanza. Hakusikia maneno ya mto. Wala ya nyasi. Alisikia "usijifanye hujasikia, nakujua", kisha kimya. Akajua kuna kitu. Akahamisha mbuzi.

Ilikuwa mara ya tatu, basi.

Mama Hawo ametuletea mtungi mwingine, wa kukingia mvua. Ameuosha kwa sabuni peke yake. Ananionea aibu. "Hii ni chafu vile unapenda," akasema.

Yale maji ya moshi tumepikia chai. Dida amekunywa vikombe viwili, mama yake akimwangalia.

Walipoondoka nikafungua vifuniko. Maji yako palepale. Nimevifunga.