Nyota ya Kilimia Aliyoipima Zuleikha

Mpendwa mshauri Bi Mwanatumu, naomba msaada nikiwa bado na pumzi: nimemficha mjukuu wangu Zuleikha kwamba yeye alikuwa sahihi, nami niliyemfundisha nilikosea. Mwaka 1984 wataalamu wageni walituachia darubini na chombo cha kupima mwanga, tupime nyota moja changa katika Kilimia, kile kishada cha nyota, ndogo kuliko jua, isiyoonekana kwa macho matupu, nayo ina mabaka meusi kama yai la kware, ikijizungusha mwanga hupungua kisha hurudi, na kwa marudio hayo unaijua kasi yake. Mimi nilipima kila nikitoka msikitini baada ya Isha, saa ileile, na mwanga niliukuta uleule, nikawaambia wataalamu nyota hii yajizungusha polepole mno. Zuleikha akakaa na darubini tangu Magharibi mpaka Kilimia kilipozama, akaniambia, “Babu, yazunguka mara mbili kwa siku. Wewe kila ukija waikuta imegeuza uso uleule.” Hebu fikiria, Bi Mwanatumu, mara mbili kwa siku, na jua letu lachukua karibu mwezi mzima, hata leo nikiiwaza nyota ile nataka kuinuka kitandani. Lakini nilimwambia ameona ukungu wa bahari, akaacha kupima. Sasa wataalamu wamerudi, wako Watamu, wanatafuta msaidizi, naye amekataa, asema macho yake hayaaminiki. Nimwambie, au nife na heshima yangu?

Mwalimu Zein, Malindi

Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa maradhi. Nyota yako imenifurahisha, wewe umeniudhi. Heshima gani hiyo ya kumnyang’anya mtoto macho yake? Ulimfundisha kupima, akapima, ukamfungia mlango. Usimtume mtu, wala usiseme kwa mafumbo. Mwite leo, mamake akiwepo, umwambie wazi, kisha umsihi aende Watamu. Na kuna jambo umelipita mbio: ulijua lini kwamba umekosea? Jiandae, maana ndilo atakalokuuliza.

Bi Mwanatumu

Bi Mwanatumu, nimemwambia, na kweli akaniuliza hilohilo. Nilipomjibu akasema, “Basi Babu, nilipima vizuri,” akacheka huku analia. Leo ameondoka kwenda Watamu, chai hakumaliza. Na wasomaji wako wajue nilichomjibu. Ukungu hufifiza nyota zote pamoja. Siku ya pili tu baada ya kumwambia ni ukungu, nilikaa usiku kucha peke yangu, nikapima nyota yake na ya jirani. Yake ilififia. Ya jirani ilibaki vilevile.