Mahindi Uliyolala Nayo

Doto, pacha wangu,

Mahindi yako nimeyauza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Bei imepanda baada ya mwaka mpya, kama ulivyosema itapanda. Mnunuzi alichota punje, akazitandaza kiganjani, akasifu kwamba hakuna hata moja iliyotobolewa na mdudu dumuzi. Nilitamani kumzaba kofi. Maskini, hakuwa na kosa, alikuwa anasifia mzigo tu. Nilienda kukaa nyuma ya nyumba mpaka gari likajaa.

Unakumbuka chumba chetu kule Kibaoni, kilivyopakana na zizi la baba? Ng'ombe akikohoa, sisi macho. Baba hakutaka zizi liwe mbali hata hatua chache. Alikuwa akisema, "Mali unayolala mbali nayo ni ya mwenzio." Mimi nililalamikia harufu kila siku, nawe ukanicheka, "Kulwa, unanusa pesa halafu unaziba pua?" Wewe uliweza kumtambua kila ng'ombe kwa anavyohema. Baba alijivunia hilo kuliko alivyojivunia masomo yangu.

Kwa hiyo siku ulipokuja kwenye cherehani yangu sokoni Mpanda, ukaegesha bodaboda na kusema, "Kulwa, hela tumezila vya kutosha, sasa tuwekeze," nilifurahi lakini nilijua tutabishana. Mkeo Milembe alikuwa na mimba ya miezi michache, na wewe ulishaanza kutembea kama baba wa watu. Nilikueleza niliyoyasikia redioni kuhusu vipande: unaweka hela kidogo kidogo, hata kwa simu, kwenye mfuko wa pamoja, wataalamu wanaziwekeza, unapata faida kadiri ya ulichoweka, na hasara pia yaweza kuwapo. Ulinisikiliza kwa adabu zote, kisha ukauliza, "Sasa hiyo mali yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye mfuko."

"Mfuko upi? Panda pikipiki, twende ukanionyeshe."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri sketi akatununia. Ukawasha pikipiki, ukasema, "Haya, nyie wa simu wekezeni kwenye simu. Mimi mahindi nitalala nayo."

Na kwa kweli ulikuwa na akili ya biashara, Doto, nisije nikakusingizia ujinga. Ulinunua wakati wa mavuno, wakulima wa Mpimbwe walipokuwa wanauza kwa shida zao, na hukuwanyanyasa kwa lumbesa, magunia ya kushindiliwa kupita kipimo, kama wengine. Kulikuwa na maghala mjini ya kukodi. Ulikataa. Ulisema huwezi kumlipa mtu akulindie kitu ambacho wewe mwenyewe una masikio ya kukilinda. Ukayapanga magunia kwenye chumba cha pili cha nyumba yako kule Misunkumilo, ukuta mmoja na kitanda chako.

Mvua zilipoanza, ukaona unga wa dumuzi sakafuni. Ukaenda kununua vidonge vya gesi ya kuua wadudu, wakakufungia kwenye gazeti, basi. Hakuna aliyekuuliza unalala wapi. Nawe ulifanya kila kitu kwa uangalifu wako ule ule: ukavipanga kati ya magunia, ukafunga dirisha, ukaziba chini ya mlango kwa matambara ili gesi isitoroke. Ila nyumba ilikuwa bado haina dari. Ule ukuta wa katikati uliishia chini ya mbao za paa, haukufika kwenye bati. Gesi ilipita juu, ikashuka upande wako.

Ulinipigia ukasema malaria imekubana, kichwa na kutapika. Nikakwambia nenda ukapime. Ukasema utaenda, unajilaza kidogo kwanza. Namshukuru Mungu Milembe alikuwa ameshaondoka kwenda kujifungulia kwao Inyonga, ingawa kwa shingo upande. Asubuhi mimi na majirani zako tulivunja mlango. Sitakuandikia tulichokiona. Ulikuwepo.

Msibani walisema umerogwa na wenye wivu, kijana kaanza kuinuka wakamwona. Wengine wakasema Mungu amekupenda zaidi. Niliwanyamazia wote kwa sababu walikuwa wanakula ugali wetu na kutusaidia kuchimba kaburi. Lakini daktari alituambia wazi kwamba ni gesi ya vile vidonge, na ndiyo maana barua hii nimeiacha wazi, kila mtu aisome. Tangu tukuzike nimeingia nyumba za majirani nikakuta magunia chini ya vitanda, watoto wamelala juu, na vidonge vimefungwa kwenye kitambaa pembeni. Nikisema, wananiona mwanamke aliyechanganyikiwa na msiba. Nasema tu. Wanikasirikie.

Nilipouza, baba alitaka tununue mitamba kwa ajili ya mtoto. Mtoto wako ni wa kike, Doto, ana kelele zako. Nilijiandaa kupigana na mzee, maana ng'ombe nao wanakufa na mtoto huyu hana baba wa kuwachunga. Nilimweleza habari za mfuko kama nilivyokueleza wewe, na hasara yake nikaitaja. Baba alichorachora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Kafanye unavyojua wewe. Ninachokijua mimi, nilimfundisha Doto." Akainuka akaenda zizini. Tangu siku hiyo halali tena kwenye chumba chetu kile cha pembeni mwa zizi, alichohamia tulipoondoka.

Basi nikaenda na Milembe mjini, tukamfungulia mtoto akaunti ya vipande. Binti wa pale alikuwa mpole, akatueleza taratibu, kwamba anayeanza asiweke hela atakayoihitaji kesho, na awe mvumilivu. Kisha akauliza lengo la uwekezaji wetu ni nini. Milembe aliniangalia. Nikasema, "Tunataka azeeke."

Binti alisimamisha kalamu. Akasema kwa upole kwamba hilo kwenye machaguo yake halipo, kuna ada ya shule, kuna nyumba, kuna biashara. Nikamwambia aandike ada.

Nakuacha hapa, pacha wangu. Tangu tuzaliwe nilikuzidi dakika chache tu, na ulikuwa hukubali hata hizo. Sasa nakuzidi kila siku ninayoamka, na sijui nitaufanyia nini umri huu peke yangu.

Ni mimi,
Kulwa wako