Kiatu cha Kulia

Duluth, 9 Septemba 1984

Baba mpenzi,

Habari za nyumbani? Mgongo wa Mama umepoa? Mimi mzima, isipokuwa mguu.

Baba, nimo! Nimo kati ya wale kumi na wawili wa mbio za nyika! Tarehe 6 Oktoba tunashindanishwa, na saba wa kwanza ndio timu ya chuo. Ila goti la kulia linaniuma kwa ndani. Kocha kanitazama nikikimbia, akatikisa kichwa: "Lindqvist, una nyayo bapa, miguu inalalia ndani. Goti lisipopona, hushindani."

Nimelowesha miguu nikakanyaga mfuko wa karatasi wa dukani, nikazungushia kalamu. Mfuko ndio huu, ona mwenyewe. Hakuna upinde hata wa kupitisha kidole! Wewe fundi viatu, nifanyeje?

Mwanao, Signe

Two Harbors, 13 Septemba

Mwanangu Signe,

Sisi wazima. Mama yako mgongo umepoa, mdomo bado.

Hongera! Nimeitangaza habari hiyo dukani mpaka wateja wananikwepa. Mfuko wako nimeubandika ukutani. Hiyo ni miguu yangu hasa, bapa kama lefse, ule mkate mwembamba wa Mama yako! Nilipokuwa na miaka kumi na tisa kocha wangu alisema miguu ya namna hii si ya kukimbia. Goti lilikuwa linauma, nikamwamini, nikaacha. Sikuwahi kukwambia.

Nitumie raba zako za zamani. Usithubutu kuzifua.

Baba yako

Duluth, 17 Septemba

Baba,

Hamjambo? Raba ndizo hizo, zinanuka, niombee radhi kwa Mama. Kocha kanipa soli ngumu za plastiki. Sasa goti linauma, na nyayo nazo zina malengelenge. Bado nakimbia maili sita kila asubuhi barabara ya ziwani, kama ulivyonifundisha. Zimebaki siku kumi na tisa! Usichelewe, nakuomba. Sitaki kuacha.

Signe wako

Two Harbors, 21 Septemba

Signe,

U mzima? Soma haraka. Niliweka raba mezani, Mama yako akapiga kelele, lakini sikia: ya kushoto imelika sawasawa, ya kulia imelika upande wa ndani tu. Nyayo zote mbili ni bapa, mbona uumie mguu mmoja?

Ni mimi! Mimi ndiye niliyekufundisha: kaa kushoto, uyatazame magari. Miaka kumi umekimbia hivyo, kwenda na kurudi. Barabara inainamia mtaroni, kwa hiyo mguu wako wa kulia uko juu kila hatua, unazidi kulalia ndani.

Hama barabarani, kimbia kwenye nyasi. Plastiki tupa. Nimekushonea kipande cha sufu kutoka kwenye buti langu la kuvulia samaki kwenye barafu. Kiweke chini ya unyayo wa kulia.

Nisamehe, mwanangu. Hata mimi nilikimbia barabara hiyohiyo, upande huohuo.

Baba yako

Duluth, 7 Oktoba

Baba! Baba! Wa tano!

Hamjambo wote? Wa tano, Baba, na matope mpaka masikioni! Goti lilinyamaza wiki ya pili. Kocha kaniuliza nimetibiwa na nani, nikamwambia daktari wangu anauza kamba za viatu.

Jumamosi nakuja. Tafuta raba. Uwanja wa shule una nyasi.

Mwanao, Signe

Two Harbors, 10 Oktoba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nimeshindwa kungoja Jumamosi. Leo asubuhi nimekimbia maili mbili kwenye nyasi za shule, Mama yako kanishikia koti, anacheka mpaka analia. Miaka thelathini, Signe! Goti kimya.

Nyayo kwenye mfuko huu ni zangu. Sikulowesha mguu kwa makusudi, ni umande tu. Ubandike kwako.

Baba yako