Zamu ya Baba Imo Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Bi Verna mpendwa wa safu ya ushauri, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo lisilorudishika. Nina kompyuta ya marehemu baba, Windows yake imezeeka na haipati tena marekebisho ya usalama, nami sina nyingine ya kuandikia tasnifu yangu, kwa hiyo nikajaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, na kusema kweli nilishangaa, mtandao ulikubali, printa ikakubali, na mashine iliyokuwa ikinguruma kama trekta ikatulia, ila nilipofika kwenye ukurasa wa kusakinisha nikakuta chaguo la kufuta diski yote, nikaacha kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza.

Humo ndani mna mchezo wetu wa kujenga falme. Kila Jumapili baada ya sauna, bafu letu la mvuke, tulicheza watatu kwa kupokezana kiti kimoja, kaka yangu Eero, kisha baba, kisha mimi, na baba alichukua nusu saa nzima akitafuna mkate wa iliki huku tukimpigia kelele, "Baba, cheza basi!" naye anajibu, "Tulieni, watoto. Mfalme hasukumwi." Alilazwa hospitali kabla hajacheza zamu yake, hakurudi, na hadi leo ukifungua mchezo kioo kinaandika: Zamu ya Baba. Miaka mitatu naufungua, nautazama, naufunga.

Nilimpigia Eero, yuko Calgary.

"We Kaisa, hiyo ni kompyuta, si kaburi. Futa, uanze upya!"

"Kwani wewe humkumbuki?"

"Namkumbuka sana. Mwizi wa ngano ya ufalme wangu yule."

Akacheka, kisha akaaga haraka. Nifute, au nibaki na mashine isiyo salama?

Kaisa, Thunder Bay, Kanada

Bi Verna anajibu: Kaisa mwanangu, ondoa mkono hapo kwanza. Pole kwa msiba. Lakini msomi mzima, miaka mitatu, na hujatoa nakala hata moja? Diski ile ingekufa yenyewe wiki ijayo ungemlilia nani?

Iwashe tena Linux kutoka kwenye flashi. Diski ya zamani utaiona humo humo. Ifungue, nakili folda nzima ya mchezo kwenye diski ya nje, na nakala nyingine mtumie Eero. Kisha peleka mashine kwa fundi atoe diski ya baba, aweke mpya, na Linux uisakinishe kwenye hiyo mpya. Ya baba itie kabatini, haidai chochote. Michezo mingi ya Windows siku hizi inacheza kwenye Linux, hasa ya zamani kama wenu. Inayokataa ni baadhi ya ile ya mtandaoni yenye programu za kuzuia udanganyifu, kwa hiyo ulizia kabla ya kununua. Na amri usizozielewa unazozikuta kwenye majukwaa ya mtandaoni, usizibandike.

Sasa hili hukuniuliza. Huogopi kufuta tu, unaogopa kucheza. Na kaka yako aliaga haraka si kwa sababu hajali.

Nakala ikishafunguka salama, mpigie tena. Mwambie ukweli kwamba huwezi kuucheza peke yako. Bishaneni baba angefanya nini, na kama angeiba ngano, iibeni, Eero apige kelele zake. Chukueni nusu saa nzima. Kisha mmalizie zamu yake, Kaisa, kwa sababu anayefuata kucheza ni wewe.